Ladha ya Chuma Kinywani



Wapendwa wanaparokia na ndugu wasomaji, tafakari ya juma hili imechelewa kwa siku mbili, nanyi mtatuwia radhi, kwa kuwa ilitupasa kwanza kuomba ruhusa ya mtu. Ruhusa hiyo tumeipata. Mama mmoja wa hapa parokiani, ambaye huu ni mwaka wa tatu akisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa juma kwa sababu figo zake zimeshindwa kufanya kazi, alituambia: "Andika, Padre, ila jina langu usilitaje, wanangu wataona haya." Basi tunaandika, na aliyekwisha kumtambua anyamaze.

Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, tulipompelekea Komunyo Takatifu nyumbani kwake. Alipokwisha kupokea alikaa kimya muda mrefu, ameinamisha kichwa, nasi tukadhani anashukuru. Kisha akajifunika kinywa kwa ncha ya khanga na kusema: "Padre, mimi nimeachwa. Mwili wa Bwana una ladha ya msumari kinywani mwangu." (Hakuyasema hayo katika Kitubio, bali sebuleni, mbele ya binti yake, vinginevyo hata kwa ruhusa yake tusingethubutu kuyagusa.) Akaeleza kwamba kwa miezi kadhaa kila anachokula ama kina ladha ya chuma, ama hakina ladha yoyote. Nyama ni kama kutafuna karatasi, na chai ni maji ya moto tu. Hayo aliyavumilia. Lakini Hostia nayo ilipogeuka, aliona kwamba ni Bwana mwenyewe amempa kisogo.

Nasi tulimjibu nini? Tulimweleza, kwa ufasaha uliotupendeza wenyewe, habari za Mtakatifu Yohane wa Msalaba na usiku wa roho, jinsi Mungu anavyoiondolea nafsi utamu ili imtafute Yeye badala ya kuutafuta utamu wake. Mafundisho hayo ni ya kweli na Kanisa linayathamini. Ila mama hakuwa ameuliza hilo. Tulipokuwa tukitoka, mkwe wake alitusimamisha mlangoni na kulalamika kwamba mama anadharau mapishi yake, sahani inarudi jikoni kama ilivyotoka, na kwamba sasa nyumba imeingiwa na maneno. Tukamwambia awe na subira, uzee una mambo yake. Hivyo katika ziara ya nusu saa tulikosea kwa watu wawili, na chai ya mkwe huyo tukainywa.

Majuma mawili baadaye dereva wa familia alipata udhuru, nasi tukampeleka mama hospitalini kwa gari la parokia. Usafishaji wa damu huchukua karibu saa nne. Tulikuwa na Breviari yetu na nia njema, lakini daktari wa zamu, kijana mpole ambaye wala si mkristo, alikuja kukaa nasi, akauliza kama mgonjwa anakula vizuri. Tukamsimulia habari za msumari. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa adabu ambayo ilitukata zaidi kuliko ukali: "Baba, mmelijua hili tangu lini?" Tulikuwa tumelijua kwa siku kumi na tano. Mama hakumwambia daktari kwa sababu alidhani ni jambo la roho. Na sisi hatukumwambia kwa sababu hiyohiyo.

Hapo ndipo tulipoanza kufundishwa, na tunayoyaandika hapa mengi ni yake, na mengine ni yale tuliyoyasoma baadaye ili tusimnukuu vibaya.

Figo nzima hazitoi uchafu tu, zinapima. Usiku na mchana huamua ni kiasi gani cha kila kitu kibaki na kiasi gani kitoke. Mashine haina maamuzi hayo. Ndani yake damu hupita upande mmoja wa utando mwembamba, na upande wa pili hupita maji yaliyotiwa chumvi kwa kipimo. Kilicho kingi upande mmoja huvuka kwenda upande wenye kichache. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwaka 1943, daktari Willem Kolff alipounda mashine yake ya kwanza huko Kampen, Uholanzi, nchi yake ikiwa imekaliwa na Wajerumani, akitumia ngozi bandia za kufungia soseji kuwa utando. Mgonjwa wake wa kwanza kupona alipatikana mwaka 1945. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1960, pale Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alipotengeneza njia ya kudumu ya kuifikia damu mkononi, ndipo mtu ambaye figo zake hazitarudi akaweza kusafishwa mara kwa mara na kuishi miaka. Tunamshukuru Mungu kwa watu hao wawili, kwani bila wao tungekuwa tumekwisha kumzika mama huyu.

Sasa katika damu yetu kuna madini ambayo mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo mno. Zinki ni mojawapo. Mwanamke mzima anahitaji takribani miligramu 8 tu kwa siku, na mwili wote wa mtu una kama gramu 2 hivi, uzito usiofikia kijiko kidogo cha chumvi. Shaba na seleniamu ni kidogo zaidi. Seleniamu huhesabiwa kwa mikrogramu, 55 kwa siku. Hakuna anayeyawaza madini haya sokoni. Lakini jeraha halifungi vizuri bila zinki, kinga ya mwili hulegea, na ulimi hupoteza uwezo wa kuonja. Umuhimu wake kwa binadamu haukujulikana mapema. Mwaka 1958 daktari Ananda Prasad, mzaliwa wa India, alikutana huko Shiraz, Iran, na kijana wa miaka 21 aliyekuwa na umbo la mtoto wa miaka kumi, ambaye chakula chake kilikuwa karibu mkate mtupu, na ambaye alikuwa na tabia ya kula udongo. Kutokana na kijana huyo na wengine kama yeye, na uchunguzi uliofuata nchini Misri, ulimwengu ulijifunza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba mtu anaweza kupungukiwa na zinki. Nafaka isiyokobolewa na maharage vina kitu kinachoishika zinki isifyonzwe tumboni, na hili linatuhusu sisi wenye ugali na maharage mezani kila siku.

Mgonjwa wa figo naye hupungukiwa kwa njia zake. Hamu ya kula imepotea. Nyama, samaki na maharage, ambavyo vina zinki, amepimiwa kwa sababu ya fosforasi. Ndizi na viazi kwa sababu ya potasiamu, ambayo ikizidi husimamisha moyo. Mboga zake huchemshwa na maji yake kumwagwa ili potasiamu ipungue, na katika maji hayo mengine mengi humwagika pia. Mwaka 2009 Marcello Tonelli na wenzake wa Kanada walikusanya tafiti nyingi zilizofanywa kabla yao, wakaona kwamba watu wanaosafishwa damu, wakilinganishwa na wenye afya, wana upungufu wa zinki, seleniamu na manganizi, lakini wakati huohuo wana ziada ya shaba, risasi, kadimiamu, kromiamu na vanadiamu. Mtu mmoja, damu moja, njaa na shibe mbaya kwa pamoja. Jambo hili lilitushangaza, maana sisi huwa tunamfikiria mgonjwa kama chombo kilichopungua ambacho kazi yetu ni kukijaza.

Hilo la kujaza ndilo linalotupeleka kwenye kosa letu la tatu, na hili ni kubwa kuliko yale mawili.

Mnakumbuka, wengi wenu mlikuwapo, kwamba baada ya Misa ya pili Dominika moja tulimruhusu mfanyabiashara mmoja aseme maneno machache juu ya matone yake ya madini, ambayo kwa maelezo yake yanarudisha nguvu za figo. Jumuiya ya mama huyu ilichanga, ikanunua chupa, na ikampelekea pamoja na chungu cha mtori. Ni upendo wa kweli uliowasukuma. Baadhi ya waliochanga hawana cha kuchanga. Chupa ile ilikuwa ndani ya mkoba wake siku ile hospitalini. Daktari aliigeuza, akasoma maandishi madogo kwa kufuatisha kidole. Chupa ilijisifu kuwa na madini zaidi ya 70. Potasiamu ilikuwamo. Alumini ilikuwamo pia, imeandikwa kwa fahari katikati ya nyingine. Aliiweka chini taratibu na kutueleza kwa nini neno hilo moja lilimtia hofu.

Mwili hauna kazi yoyote na alumini. Ile kidogo inayoingia na chakula, utumbo huizuia karibu yote, na inayopenya hutolewa na figo. Asiye na figo haitoi. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Denver, Marekani, waliona wagonjwa wao, waliokuwa wakiendelea vizuri na mashine, wakianza kukwama katika usemi, kisha mikono kushtukashtuka, kisha kuchanganyikiwa, degedege na kifo. Mwaka 1976 Allen Alfrey na wenzake walitangaza kwamba wameipima ubongo ya marehemu hao na kukuta alumini nyingi mno. Mwaka 1978 wenzao wa Newcastle, Uingereza, walieleza mifupa ya wagonjwa wao iliyokuwa ikilainika na kuvunjika, wakaonyesha kwamba chanzo chake kinakuja na maji, nao wakaishuku alumini. Ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika vidonge vyenye alumini walivyopewa ili kuzuia fosforasi, na sehemu katika maji ya bomba, kwa kuwa miji mingi husafisha maji yake kwa shabu, ileile ambayo mama zetu waliitia mtungini ili matope ya mtoni yatuame.

Mtu anaweza kuuliza: kama maji ya shabu yanaweza kunywewa na mji mzima, yamdhuruje mgonjwa? Hapa kuna hesabu ambayo daktari alitufanyia juu ya bahasha. Maji hupita katika mashine kwa kasi ya mililita 500 kwa dakika. Kwa saa nne ni lita 120. Kwa mara tatu za juma, lita 360. Sisi wenye afya tunakunywa kama lita 14 kwa juma, tena kupitia tumbo na utumbo vinavyochagua. Mgonjwa hukutana na lita 360 zilizotenganishwa na damu yake kwa utando tu. Na kwa kuwa protini za damu huyanasa mengi ya madini haya mara yakivuka, hata kiasi kidogo sana ndani ya maji huendelea kuvuka bila kurudi. Ndiyo maana maji ya mashine hupitishwa katika mitambo inayoyachuja mpaka karibu yabaki maji matupu, na alumini hairuhusiwi kuzidi miligramu 0.01 kwa lita.

Walioijua hatari hiyo nao walipatwa. Mwaka 1996 kisiwani Curaçao, katika bahari ya Karibi, bomba jipya la maji liliwekwa kwa ajili ya kituo cha kusafishia damu, na ili lisipate kutu lilikuwa limesakafiwa ndani kwa saruji. Maji yale safi mno, ambayo hayakuwa na madini yake yenyewe, yaliimung'unya saruji na kuchukua alumini. Kati ya wagonjwa 27 walikufa 10. Hakuna aliyewatakia mabaya. Bomba liliwekwa kwa nia ya kuwahudumia. Tumekuwa tukiwaombea watu hao kumi katika Misa za asubuhi tangu tuliposoma habari zao, na tunadhani ni haki mjue ile nia "marehemu wa kisiwa cha mbali" ilihusu nini, maana Katekista ametuuliza mara mbili.

Sisi tunaoishi katika miteremko ya Mlima Meru tusiyaone hayo kuwa mambo ya ughaibuni. Meno ya kahawia ya watoto wetu yanatoka katika floridi iliyomo kwenye maji ya milima hii ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na tunajua visima vyetu vingi vimepita hapo. Kwa maji ya mashine kipimo ni 0.2. Siku umeme unapokatika na mgonjwa akaambiwa angoje kwa sababu mtambo wa maji haujawa tayari, tusiwafokee wauguzi. Tunasema hivi tukijikumbuka wenyewe.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, wakati wa njaa Elisha aliamuru wanafunzi wa manabii wapikiwe chakula. Mmoja akatoka kwenda kuchuma mboga, akakuta mmea wa porini, akajaza nguo yake matango ya mwituni, akayakatakata ndani ya chungu bila mtu yeyote kuyajua ni nini. Walipoonja ndipo walipopiga kelele kwamba kuna mauti chunguni. Tumeihubiri sura hiyo mara kadhaa, na kila mara tulizungumza juu ya Elisha na unga wake. Yule mchumaji hatukuwahi kumsemea hata sentensi moja. Alikuwa na njaa kama wenzake, alitoka alipoambiwa, alileta alichokipata, nguo imejaa. Maandiko hayamlaani wala hayamtaji jina. Tulipokuwa tumeketi pale na chupa ya jumuiya mkononi tulimfahamu vizuri.

Dominika iliyofuata tulisimama mbele ya jumuiya ile na kusema kwamba kosa la chupa ni letu, tuliyetoa mimbari, si lao waliotoa fedha. Baba mmoja alikasirika, akasema daktari hana imani. Tukamjibu kwamba daktari ndiye aliyeuliza kama mama anakula. Kimya kilichofuata hakikuwa cha kupendeza, lakini kilitosha.

Yapo machache ya kutenda, ambayo daktari alituomba tuyafikishe kwa wenye wagonjwa. Kila kinachoingia kinywani, kiwe cha dukani, cha mganga au cha kanisani, kionyeshwe hospitali kwanza. Hata dawa ya kiungulia, kwa sababu baadhi zina alumini. Udongo wa kula unaouzwa sokoni mgonjwa wa figo asiuguse. Msikimbilie kununua zinki wenyewe baada ya kusoma ukurasa huu, kwani zinki ikizidi huizuia shaba isifyonzwe, na damu hupungua kwa sababu nyingine kabisa. Na juisi za kuongeza damu ziacheni: damu ya mgonjwa hupungua hasa kwa kuwa figo ndizo zilizokuwa zikitoa kichocheo cha kuitengeneza, na madini ya chuma hupewa kwa kipimo, mara nyingi kwa mshipa, baada ya kupimwa. Mkitaka kumpelekea chakula, muulizeni mkwe wake. Yeye ndiye anayeijua orodha.

Mkwe huyo tulimrudia pia. Tulimweleza kwamba mama hakudharau mapishi yake, ulimi wake ndio ulioharibika. Alilia kidogo, kisha akatuambia kwamba kwa miezi minne alikuwa akiongeza viungo, akidhani hajui kupika.

Mama alipimwa. Zinki yake ilikuwa chini, akaandikiwa kwa kipimo na kwa muda maalumu, shaba yake nayo ikiangaliwa. Muda wake kwenye mashine uliongezwa kidogo, na dawa yake moja ikabadilishwa, kwa hiyo daktari alikataa kuipa zinki sifa zote tulizotaka kuipa. Sisi tungefanya sherehe. Yeye aliandika tarehe ya kipimo kinachofuata.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu tulimpelekea Komunyo tena. Tulimpa kipande kidogo, kama tulivyoagizwa, ili ameze bila maji mengi. Tulisali, tukangoja. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, na mkwe nyuma yake na mwiko mkononi. Mama akafungua macho.

"Haina ladha, Padre," akasema. "Ni mkate tu."

Na akaanza kucheka, machozi yakimtoka, akiurudia usemi huo kwa binti, kisha kwa mkwe, kwamba ni mkate tu, ni mkate tu.

Zamu ya gari kwa Jumanne na Alhamisi zimekwisha kupata watu. Jumamosi bado, atakayeweza amwone Katekista baada ya Misa.

Wenu katika Kristo,
Paroko